Maswali yenu kuhusu chaneli 41 ya San Antonio, Texas

Univision, mtandao wa televisheni ya Kihispania wa Marekani, ilianzisha kituo cha San Antonio mwaka gani?
Haikukianzisha. Swali hili limekuja tena, na jibu ni lilelile: kituo ndicho kilichotangulia. Raoul Cortez, mzaliwa wa Xalapa, Mexico, alifungua redio ya KCOR mwaka 1946, kisha KCOR-TV, chaneli 41, kituo cha kwanza cha televisheni ya Kihispania Marekani bara, ikaingia hewani Juni 1955. Jina la Univision lilikuja 1987. Msimpokonye baba mtoto wake.

Kilikuwa kituo cha Hispania?
Hapana. Kihispania ni lugha ya nyumbani ya Wateksasi wengi wenye asili ya Mexico. Lugha si uraia.

Kama Wahispania walikuwa wengi mjini, kwa nini Cortez alipata hasara?
Kwanza si Wahispania. Soma jibu la juu. Hasara ilitokana na masafa. Chaneli 2 hadi 13 zilikuwa kwenye masafa ya VHF, na chaneli 41 ilikuwa kwenye masafa ya juu zaidi, UHF, ambayo televisheni nyingi za wakati ule hazikuweza kuinasa. Ilibidi mtu anunue kifaa cha kubadilishia masafa, kama tunavyonunua ving'amuzi. Familia ya kibarua ingekitoa wapi? Wenye matangazo ya biashara nao wakasema hakuna watazamaji. Mwaka 1961 Cortez aliuza kituo kwa kundi lililokuwa na mkwewe, Emilio Nicolás, pamoja na tajiri wa televisheni wa Mexico, Emilio Azcárraga Vidaurreta. Kikaitwa KWEX. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuweka UHF kwenye kila televisheni mpya, na ikaanza kutumika 1964. Cortez alikuwa ameshauza.

Hili linaniuma, kwa sababu neno "hakuna watazamaji" bado linaua vituo vya lugha za watu wa kawaida. Anayelitamka aulizwe kwanza kama mawimbi yanawafikia.

Mbona Puerto Rico ilikuwa na televisheni ya Kihispania kabla yao?
Ni kweli, WKAQ ilianza 1954. Ndiyo maana huwa naandika "Marekani bara".

Kwa nini serikali iliwanyang'anya leseni wamiliki wa KWEX?
Haikuwanyang'anya, waliuza kwa kubanwa. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mgeni kumiliki zaidi ya asilimia 20 ya kampuni yenye leseni ya utangazaji, na mkono wa akina Azcárraga ulionekana mrefu mno. Mwaka 1986 jaji wa tume ya mawasiliano ya Marekani alikataa kuongeza muda wa leseni za vituo vyao, KWEX kikiwemo. Vikaenda kwa Hallmark, kampuni ya kadi za salamu, na washirika wake. Sheria ni sheria, lakini kituo kilichozaliwa na mtu wa mjini kikawa mali ya watu wa mbali, na hilo halikumshughulisha jaji yeyote.

Naweza kulitembelea jengo la zamani?
Umechelewa. Lilibomolewa Novemba 2013 kupisha nyumba za kupangisha, wakazi wakipinga mpaka tingatinga lilipofika.