Thredi za krenkshafti ya skuta zimelika: usikimbilie kuchomelea

Pole sana ndugu yangu. Umesema mtu aligonga ncha ya krenkshafti (shafti kuu ya injini) kwa nyundo akitaka kutoa flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku linalofungwa kwenye ncha hiyo), sasa thredi, yaani mifereji ya kuzungushia nati, zimelika na nati haishiki, na unaambiwa uchomelee. Nakusihi usichomelee kwanza. Moto wa kuchomelea unaweza kuipinda shafti, na hapo utapoteza injini nzima kwa ajili ya thredi mbili.

Zikague kwanza kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi zilizoumia ni zile za mwanzo tu, za ndani ziko salama. Funika beringi na koili kwa kitambaa, flaiwili iweke mbali kabisa, maana sumaku zake hunasa vumbi la chuma. Chukua tupa ndogo ya pembe tatu, fuata mfereji wa thredi taratibu, ukiondoa chuma kilicholala tu. Kisha pitisha dai (kifaa cha kukatia thredi za nje) ya kipimo kilekile, kwa oili: robo duru mbele, nusu ya hiyo nyuma. Ikikaza, simama. Ukilazimisha itakata thredi mpya juu ya zile nzima.

Nati ya zamani itupe, nunua mpya.

Jambo ambalo wengi hulisahau: flaiwili hushikwa na ule mkato wa koni (sehemu ya shafti inayochongoka), nati kazi yake ni kuibana tu. Koni ikiwa na mikwaruzo, hata thredi nzuri hazitakusaidia.

Thredi zikiwa zimekwisha zote, hapo ndipo umwone fundi wa mashine ya kukereza, au ubadilishe krenkshafti.