Kabla hujachagua Python au Java, jiulize nani atakulipa

Vijana wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wanaotaka kujifunza lugha za kuandikia programu za kompyuta huniuliza swali moja: "Kaka, nisome Python au Java? Ipi ina ajira?" Nami huwauliza: ajira ya nani, na iko wapi? Wengi hunyamaza, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili bila kujiuliza hivyo.

Nilitoka chuo nikijua lugha ya C# kidogo. Nikaambiwa Java ndiyo yenye hela, nikahamia Java. Gumzo la Python likaja, nikahamia huko pia. Usaili wangu wa kwanza hapa Kigoma ulikuwa wa shirika linalohudumia wakimbizi, na hakuna aliyeuliza habari za lugha hizo tatu. Walinipa karatasi yenye majedwali mawili, la kaya na la mgawo wa chakula, wakasema: tuandikie SQL, yaani lugha ya kuuliza data zilizomo kwenye majedwali, ya kuonyesha kaya ambazo hazijachukua mgawo mwezi huu. Nilishindwa. SQL nilikuwa nimeisoma ya kufaulia mtihani tu.

Jibu lenyewe, mdogo wangu, ni hili: unaanza na jedwali la kaya, unaliunganisha na la mgawo kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila kaya hata isiyo na mgawo, kisha kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja majibu, unabakiza zile ambazo upande wa mgawo ni NULL, yaani hauna kitu. Sharti la mwezi linakaa kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yanaunganishwaje. Ukilipeleka kwenye WHERE, kaya unazozitafuta ndizo zitakazotoweka, na majibu yatakuja matupu bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Jambo hilo dogo ndilo lililonifunza kuliko kuhama kwangu kote. SQL ilizaliwa IBM miaka ya 1970, na leo ukijenga mfumo kwa Laravel ya PHP, Django ya Python au Spring ya Java, ambazo ni vifaa vya kurahisisha kazi kwa lugha hizo, karibu kila mara chini yake utaikuta. Anza nayo. SQLite, programu ndogo ya kuhifadhi data na kuiuliza kwa SQL, inakaa hata kwenye mashine dhaifu, na ukishaipakua huhitaji bando.

Sasa lugha. Angalia wanaotafuta mifumo karibu nawe. Kwetu huku nimewaona wenye shule binafsi wanaotaka kufuatilia ada, wenye maduka ya jumla, vyama vya kuweka na kukopa, na wafanyabiashara wa dagaa wanaotaka kujua mzigo upi umelipwa. Hao wanataka mfumo unaofunguka kwenye simu na seva isiyowatoza hela nyingi kila mwezi. Seva za bei nafuu karibu zote zinakubali lugha ya PHP na MySQL ya kuhifadhi data, na WordPress yenyewe, ile ya kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP. Anayetaka kula kwa kazi yake akiwa Kigoma, namshauri PHP na Laravel, hata kama mtandaoni wanaicheka.

Kama macho yako yako kwenye benki au mifumo mikubwa ya serikali, shika Java. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya tunaoutumia nchini, upande wa seva umeandikwa kwa Java. Python nayo ni njia nzuri kwa anayependa takwimu, na mashirika yanaihitaji.

Programu za simu zinavutia, lakini tazama mashine yako kwanza. Tangu 2019 Google wanaitanguliza lugha ya Kotlin kwa Android, na Android Studio, programu ya kuandikia programu hizo, inadai RAM ya GB 8 au zaidi. Nimemwona kijana akiisubiri ifunguke kwenye mashine ya GB 4 mpaka akakata tamaa ya kazi yote, na alikuwa na akili nzuri sana. Swift, lugha ya programu za iPhone, inataka kompyuta ya Mac, kwa hiyo iache kwa sasa.

Usinisikilize mimi peke yangu. Chukua daftari, kwa mwezi mmoja usome matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na ya mashirika yaliyoko mkoani, uandike kila ujuzi wanaoutaja. Ule unaojirudia ndio wako, na ukishauchagua kaa nao mwaka mzima.

Leo jioni tengeneza majedwali yale mawili, jaza kaya kumi, nne kati yake uziache bila mgawo, halafu uzitafute. Zikija tatu au zisipokuja kabisa, rudi kwenye karatasi uchore mistari ya kuunganisha kwa kalamu. Mimi bado nachora.