Leseni ya kulea watoto nyumbani California: maswali yenu nayajibu

Jamani, tangu niseme kwamba nina leseni ya kulea watoto kwangu hapa San Diego, simu hailali. Nimekusanya yale mnayouliza sana. Najibu kwa sheria za California tu, ukiwa Texas au Ohio huko kwenu kuna taratibu zingine, usije ukanilaumu.

Dada, mie namkalia jirani yangu watoto wake wawili, ananipa kidogo kidogo. Na mie nahitaji leseni?

Kwa hao wawili huhitaji. Ukilea watoto wako na wa familia moja nyingine basi, hawakudai leseni. Ila siku utakayompokea na mtoto wa familia ya pili, hata awe mmoja, hata mama yake awe shoga yako wa kufa na kuzikana, leseni ishakuhusu. Wengi hapo ndo wanaponasa, maana wanajiambia si biashara hii tunasaidiana tu, alafu ukihesabu sebuleni kuna watoto saba.

Mama, miye natoka Bukavu, sikumalizaka masomo na Kiingereza yangu ni ya sokoni. Wataniomba diploma?

Hapana mama yangu, hakuna diploma. Uwe umefika miaka 18, uwe unaishi kwenye hiyo hiyo nyumba, na upite mafunzo. Unaanza na orientesheni ya ofisi ya leseni, alafu kuna masaa 16 ya afya na usalama. Masaa 8 kati ya hayo ni huduma ya kwanza na CPR ya watoto (kumminya kifua na kumpulizia pumzi mtoto aliyeacha kupumua), yaliyobaki ni magonjwa ya kuambukiza, lishe, na sumu ya risasi (hii ya kwenye rangi za nyumba za zamani, si ya bunduki, mie mwenyewe mara ya kwanza nilishtuka). Ile CPR usidanganyike na vyeti vya kubonyeza bonyeza kwenye simu, lazima uende ukapige magoti uminye kifua cha mdoli, na anayefundisha awe Red Cross, American Heart Association au aliyeidhinishwa na EMSA (mamlaka ya huduma za dharura ya California). Unairudia kila miaka miwili. Kuna na mafunzo ya kuripoti mtoto akinyanyaswa, hayo yapo mtandaoni bure, nayo kila miaka miwili.

Kwenye mwili wako wanataka kipimo cha TB na chanjo za surua na kifaduro, ya mafua unaweza kuikataa kwa maandishi. Kuhusu Kiingereza, kabla hujalipia darasa waulize kama unaweza kukaa na mtoto wako akutafsirie. Kwenye darasa letu kulikuwa na bibi alikuja na mjukuu wake na akapata cheti kama sisi.

Nina mapacha wa mwaka mmoja na kijana wa miaka 7. Nitaruhusiwa kupokea wangapi?

Swali zuri ila jibu litakuuma. Watoto wako wenyewe walio chini ya miaka 10 wanahesabiwa wakiwa nyumbani. Leseni ndogo ya kawaida ni watoto 6 na wachanga wasizidi 3, na mchanga kwao ni yeyote chini ya miaka 2. Sasa toa wako watatu, umebakiwa na nafasi 3, na katika hizo mchanga ni mmoja tu kwa sababu mapacha wameshakula mbili. Kuna njia ya kufika watoto 8, ila hapo wachanga wanashuka mpaka 2 (ndo hao hao mapacha wako), lazima awepo mmoja anayesoma chekechea au shule ya msingi na mwingine wa miaka 6 kwenda juu, na kama umepanga unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mie ningekuwa wewe ningeanza na wale 6, mapacha wakitimiza miaka 2 hesabu inafunguka yenyewe. Leseni kubwa ni mpaka 12 au 14 lakini inataka msaidizi, ukaguzi wa watu wa zimamoto na uzoefu wa mwaka mmoja, kwaiyo hiyo weka pembeni kwanza.

Mdogo wake mume wangu kaja juzi, analala sebuleni mpaka apate kwake. Ana shida gani kwenye leseni?

Anayo, tena kubwa. Kila mtu wa miaka 18 na kuendelea anayeishi humo ndani anatakiwa kupigwa alama za vidole na majibu yarudi, hata kama yeye watoto hawagusi, hata kama anaondoka alfajiri anarudi usiku. Sisi watu wetu tunajua mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, kwao mgeni anayehamia mpe Live Scan (ndo hivyo vidole vinavyopigwa kwa mashine). Mie yalinikuta. Mpwa wangu alikuja kutoka Minnesota nikasema ni wiki moja tu, ikawa mwezi, mkaguzi akaja bila hodi (wanaruhusiwa), akaona begi na godoro akauliza la nani. Faini ni dola 100 kwa siku kwa kila mtu asiye na kibali. Kosa langu mwenyewe, sina wa kumsema. Sasa ivi mtu akiniambia anakuja kukaa namwambia pitia kwanza kwenye vidole ndo uje na mabegi.

Mwenye nyumba kasema kwenye apatimenti yake hataki deikea. Nifanyeje?

Hawezi kukukataza (ile ruhusa ya maandishi niliyosema juu ni ya kuongeza watoto zaidi ya idadi ya kawaida). Tangu Januari 2020 kuna sheria inaitwa SB 234, inasema nyumba ya kulea watoto yenye leseni ni makazi kama makazi mengine, apatimenti ikiwemo, na mji haukudai leseni ya biashara kwa ajili hiyo. Wewe unachotakiwa ni kumpa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuanza. Mpe kwa heshima na ubaki na kopi. Anaweza kukuongezea dipoziti mpaka pale sheria inaporuhusu, hiyo haki anayo.

Mtoto wa miezi mitano analia, nikimlaza kifudifudi na kablanketi analala vizuri. Kuna tatizo?

Mwanangu, hapa ndo tunapoachana na bibi zetu. Mie wangu wote walilala kifudifudi, na niliwafunika mpaka masikio. Kwenye leseni haikubaliki, chini ya mwaka mmoja analala chali, kwenye kitanda chake peke yake, hakuna blanketi, hakuna mto, hakuna mdoli. Na unampitia kila dakika 15 kumwangalia, unaandika. Ndiyo, unaandika, hata kama unamwona kutoka jikoni. Nilikuwa nalalamika sana hiyo karatasi, mpaka mzazi mmoja akaniuliza mwanawe alilala saa ngapi nikamsomea mchana mzima, siku ya pili kaniletea na mtoto wa dada yake. Kile kigari cha magurudumu cha kumfundisha mtoto kutembea nacho kimepigwa marufuku, kitoe ndani kabisa, usikifiche kabatini, wataangalia.

Na kwa kuwa kuna watatu mmeuliza kwa kuzunguka zunguka: hapana, kofi hapana, kumfinya hapana, kumnyima chakula hapana. Hata mama yake akikwambia "mchape tu, nimekuruhusu". Ruhusa yake haikusaidii kitu mbele ya mkaguzi.

Ada ni ngapi?

Mimi ya leseni ndogo nililipa dola 73, na kila mwaka unalipia, ukilipa haiishi muda. Ukihama nyumba unaomba upya. Pesa zaidi inaenda kwenye mtungi wa kuzimia moto, kengele za moshi na za kaboni monoksidi, na darasa lenyewe.

Mume wangu anavuta sigara usiku tu, watoto wa watu wameshaondoka. Ruksa?

Ndani ya nyumba yenye leseni hairuhusiwi saa yoyote, tangu 2015. Mnunulie koti.