Nilichopaswa kuambiwa kabla ya kidonge cha kwanza

Siku ya tatu tangu nianze kutumia haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili niliyopewa kwa sababu ya sauti nilizokuwa nikisikia, nikiwa nimekaa kitandani nakunja nguo, shingo yangu ilianza kujivuta kuelekea bega la kushoto pasipo mimi kutaka. Niliirudisha kwa mkono, ikaenda kulekule. Muda mfupi baadaye taya likakaza, ulimi ukawa mzito mdomoni, na macho yakapanda juu yakagoma kushuka, hata nikawa sioni kitu kingine ila dari. Mama alidhani ni kifafa. Mimi nilidhani ninakufa. Tulipofika hospitalini, muuguzi wa zamu alinitazama mara moja, akauliza nimeanzishiwa dawa gani, akamwita daktari, nikachomwa sindano, na kabla ya nusu saa kupita shingo ilikuwa imelegea na ninaweza kuongea. Muuguzi yule akamwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hali ile inaitwa distonia, kwamba huwapata baadhi ya watu katika siku za mwanzo za dawa kama ile, hasa vijana, na kwamba tiba yake ipo.

Maumivu ya shingo niliyasahau baada ya siku mbili. Sikusahau kwamba jambo linalojulikana kiasi kile hakuna aliyekuwa amenieleza. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri moyoni kwamba simezi tena, na sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nakificha kidonge chini ya ulimi, nakunywa maji, kisha nakitema mama akishageuka. Wiki kadhaa baadaye sauti zilirudi zikiwa kali kuliko mwanzo, nikalazwa siku 26.

Huu ni mwaka wa 11 tangu niambiwe kwamba nina skizofrenia. Mimi si daktari, na hakuna neno katika makala haya linaloweza kuchukua nafasi ya aliyekuandikia dawa, kwa sababu yeye ndiye anayejua dozi yako, umri wako na maradhi yako mengine. Ninaandika kama mtu anayezimeza dawa hizi kila usiku, na ninaamini kabisa kwamba mgonjwa aliyeelezwa hatari za dawa mapema huitumia vizuri kuliko aliyefichwa. Wapo wanaohofu kwamba kumtajia mgonjwa madhara ni kumtia woga ili aikimbie dawa. Mimi niliikimbia kwa sababu sikuambiwa.

Aliyenifungua macho alikuwa mfamasia mmoja, mama mtu mzima, aliyetumia dakika kumi kunieleza dawa hizi zinafanyaje kazi. Alisema kwamba katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, na kwamba mtu anaposikia sauti zisizokuwapo au kushikilia imani zisizo na msingi, mara nyingi kemikali hiyo huwa inafanya kazi kupita kiasi katika baadhi ya sehemu za ubongo. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili nchini Ufaransa mwaka 1952, karibu dawa zote za kundi hili zimekuwa zikizuia dopamini kwa namna moja au nyingine. Tatizo ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia misuli kwenda sawasawa, na ndiyo inayoizuia homoni ya prolaktini, ile inayohusika na maziwa ya mama, isizidi. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kidonge kilichokusudiwa kunyamazisha sauti kinaweza kukaza shingo au kusimamisha hedhi. Alinieleza pia kwamba utulivu na usingizi huweza kuja ndani ya siku chache, lakini sauti na mawazo yenyewe huchukua wiki kadhaa kupungua, kwa hiyo anayeiacha dawa siku ya tano kwa kusema haifanyi kazi hajaipa nafasi.

Nitakaa zaidi kwenye athari moja, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Nilipohamishiwa risperidoni, dawa nyingine ya kundi hili, na dozi ikapandishwa, niliingiwa na hali ya kutoweza kutulia ambayo sikuwa na jina lake. Nilikuwa nikikaa, miguu inanidai nisimame; nikisimama, inanidai nitembee; usiku mmoja niliizunguka meza ya chakula hadi alfajiri, na kila nilipojaribu kulala nilihisi kama ngozi yangu imenibana. Nyumbani walisema ugonjwa umepanda. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, na nilianza kuwaza kwamba kufa kungenipumzisha. Hali hii huitwa akathisia na huletwa na dawa, lakini kwa mtazamaji hufanana sana na wasiwasi au na ugonjwa kurudi, na hatari ni kwamba mtu anaweza kuongezewa dozi ya dawa ileile inayomsumbua. Siku ya kliniki sikusema kwamba nina wasiwasi, nilisema, “Daktari, wasiwasi uko miguuni, si kichwani, na ulianza siku nne baada ya kuongezewa dozi.” Sentensi hiyo moja ilibadilisha mambo. Daktari alipunguza dozi, akaniongezea propranololi, ambayo ni dawa ya moyo na presha, kwa muda, na wiki iliyofuata nilikaa kwenye kiti nikala chakula chote bila kuinuka. Kama jambo hili linakupata, na hasa kama linaambatana na mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu leo, na uende.

Ndiyo sababu ninashikilia sana suala la kuandika tarehe. Nina daftari dogo ambalo kila ukurasa una mambo manne tu: dawa na dozi, saa za usingizi, uzito wa wiki hiyo, na jambo lolote jipya mwilini pamoja na siku lilipoanza. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kukumbuka miezi yako mitatu, na wewe huwezi kuisimulia kwa usahihi ukiwa umechoka.

Misuli ina jambo jingine linalokuja polepole. Baada ya miezi au miaka ya matumizi, baadhi ya watu huanza kutafunatafuna bila chakula, kutoa ulimi, kukunja midomo au kupepesa macho mfululizo, na mara nyingi mwenyewe hana habari. Hii ni diskinesia ya kuchelewa. Uzito wake ni kwamba inaweza kubaki hata dawa ikiachwa, kwa hiyo dawa yake kubwa ni kugunduliwa mapema. Dawa za zamani kama haloperidoli huileta zaidi kuliko nyingi za zile mpya, na wenye umri mkubwa wako hatarini zaidi. Nimemwomba dada yangu awe ananitazama mdomoni tukiwa tunazungumza, na daktari wangu hunitaka nifungue mdomo, nitoe ulimi na ninyooshe mikono walau mara mbili kwa mwaka. Ikiwa wako hafanyi hivyo, mwombe kwa adabu. Ni kazi ya dakika mbili.

Hatimaye nilitulia kwenye olanzapini, na hiyo ndiyo iliyonirudishia akili yangu. Ninaisema vizuri kwa sababu inastahili. Lakini ndani ya miezi minane niliongezeka kilo 14. Haikuwa tamaa ya kula. Ilikuwa njaa inayoamka saa mbili baada ya mtu kushiba, na ndugu waliokuwa wakisema nimekosa nidhamu hawakujua wanachokisema. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kuongeza uzito, na pamoja na uzito huja kupanda kwa sukari na lehemu (kolesteroli) katika damu. Kabla ya kuanza dawa ya aina hii unapaswa kupimwa uzito, kiuno, presha, sukari na lehemu. Vipimo virudiwe baada ya miezi mitatu hivi, kisha angalau kila mwaka. Mimi sikupimwa mwanzoni, na sukari yangu ilipoonekana imepanda hatukuwa na cha kulinganisha nayo. Ukianza kuwa na kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara, omba kipimo siku hiyohiyo.

Kuhusu prolaktini niseme waziwazi, maana aibu imewanyima wengi msaada. Nikiwa kwenye risperidoni nilikaa miezi mitano bila hedhi, na maziwa yakawa yananitoka bila kuwa mjamzito. Wanaume hupungukiwa hamu na nguvu, matiti yakavimba, nao huacha dawa kimyakimya bila kumwambia hata mke. Daktari ameshasikia hayo mara nyingi. Yapo ya kufanya, kuanzia kupunguza dozi hadi kubadilisha dawa, lakini hayawezi kufanywa kwa jambo lisilosemwa.

Klozapini inahitaji maelezo yake peke yake. Hupewa mtu ambaye dawa mbili nyingine zimemshinda, na kwa watu hao hufanya ambalo nyingine hazikufanya. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walifariki nchini Finland baada ya dawa hii kuwashusha seli nyeupe za damu, na kwa ajili hiyo atumiaye hupimwa damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Homa au koo kuuma kwa mtu wa klozapini si mafua hadi damu ithibitishe. Choo kigumu nacho kisidharauliwe, kwa kuwa utumbo unaweza kusimama kabisa na ukaua. Na aliyeikosa kwa zaidi ya saa 48 asirudie dozi yake ya kawaida mwenyewe. Huanzishwa upya kwa dozi ndogo chini ya uangalizi.

Ndani ya mlango wa kabati letu la vyombo mama amebandika karatasi yenye dalili za kukimbilia hospitali saa ileile. Ya kwanza ni homa kali pamoja na misuli kukakamaa kama mti, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa: hii hutokea kwa nadra, lakini huua isipotibiwa. Kisha kuna kuzimia au moyo kuruka mapigo, shingo au koo kukaza hadi kupumua kuwe kwa shida, na degedege. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa: BEBA PAKITI YA DAWA. Tulijifunza usiku ule wa shingo kwamba jina la dawa huokoa nusu saa ya kubahatisha.

Mengine nitayapitia upesi. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo usimame, maana presha inaweza kushuka ghafla. Usiendeshe gari hadi ujue dawa inakulevya kiasi gani. Pombe na dawa za usingizi huzidisha uzito wa kichwa na zinaweza kudhoofisha pumzi. Baadhi ya antibiotiki na baadhi ya dawa za malaria huweza kuvuruga mapigo ya moyo zikikutana na dawa hizi, kwa hiyo popote unapoandikiwa dawa nyingine, taja hii kwanza. Jambo linalowashangaza wengi ni sigara: moshi wake hulifanya ini liondoe olanzapini na klozapini haraka zaidi, na anayeacha kuvuta ghafla anaweza kujikuta dozi yake ya jana imekuwa kubwa mno leo. Kuacha sigara ni jambo jema, ila mwambie daktari kabla. Mwanamke anayetaka kupata mimba, au aliyekwisha kuipata, asiache dawa kwa hofu. Apange na daktari. Na kwa anayemtunza mzazi mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa hizi huongeza hatari ya kifo kwa wazee wa namna hiyo, hivyo isitolewe kwa sababu tu mzee anasumbua usiku.

Mimi hunywa dawa baada ya kupiga mswaki, kutoka kisanduku chenye vyumba saba vya siku saba. Nikiona chumba cha jana hakijaguswa, sinywi viwili ili kufidia. Ninaendelea na cha leo na ninaandika daftarini. Anayesahau mara nyingi aulize kuhusu sindano ya mwezi, ambayo wengine huipenda kwa kuwa inawaondolea mabishano ya kila siku nyumbani.

Kuhusu kuacha, ninaelewa hamu hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Mara ya kwanza niliacha kwa siri. Mara ya pili, nikiwa nimekaa miaka minne bila sauti, nilimpelekea daktari daftari langu na kumwambia kwamba nataka kupunguza, na kwamba akikataa nitaomba sababu. Hakukataa. Tulitoka miligramu 20 za olanzapini kwenda 15, tukakaa miezi sita. Kutoka 15 kwenda 10, tukakaa mwaka mzima. Kilo tisa kati ya zile 14 zimeondoka. Mwaka jana tulijaribu 7.5, na wiki ya tatu mama alilichukua daftari, akanionyesha safu ya idadi ya saa nilizolala kila usiku: tano, nne, tatu. Mimi nilikuwa najisikia vizuri kabisa, mwenye nguvu nyingi, na hilo ndilo lililomtia shaka. Tulimpigia daktari jioni hiyo, akanirudisha kwenye 10, na usiku wa nne niliandika saa saba za usingizi.