Maganda ya machungwa yana hela, ila yakishalala kwenye kiroba yaache

Jamani naanza na aibu yangu kwanza ndo tuelewane. Mimi natengeneza jemu hapa Moshi, jikoni kwangu tu Majengo, na jemu ya nanasi ilikua inanitesa kwasababu nanasi lina pektini kidogo (pektini ndo inayofanya jemu igande isiwe uji) alafu ile ya unga inatoka nje na bei yake inauma.

Siku moja nimekaa kwa kijana anayekamua juisi karibu na stendi, naangalia anavyotupa maganda, nikajisemea si ndo hiyohiyo? Na kweli ndo hiyohiyo, viwanda vya pektini huko duniani vinatumia maganda ya machungwa, malimao na ndimu yaliyobaki kwenye juisi, pamoja na makapi ya tufaa. Nikamwambia mdogo wangu nijazie kiroba, akasema sawa dada, hata usilipe.

Jioni nikabeba, nikakiacha barazani mpaka kesho. Asubuhi nafungua, joto linanipiga usoni na harufu ya mbege kabisa. Mwenye akili angemwagia migomba. Mimi nikasema aah, moto unaua kila kitu, nikachemsha, nikachuja, nikatia kwenye nanasi, haikuganda, nikarudisha jikoni mara ya pili ikawa kama asali iliyolewa. Chupa 30 nikamwaga, na sukari yenyewe nilikopa kwa mangi.

Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba ukungu na vijidudu vya kuozesha vinakula pektini yenyewe, vina vimeng'enya vya kuikatakata, yani nilichokua nakitafuta kilishaliwa usiku mle kirobani. Na hiyo ni hasara tu, hatari ni nyingine: moto unaua vijidudu, lakini sumu ambayo ukungu umeshaiacha mara nyingi haitoki kwa kuchemsha, ni kama sumukuvu ya kwenye mahindi tu, unga ukishakuwa nayo hata ugali uive vipi bado ipo.

Kwahiyo sikuhizi ganda nalihesabu chakula tangu linapotoka kwenye kisu. Kijana nimempa ndoo mbili za chakula zenye mifuniko, sio za rangi hata kama umezisugua, na anaosha machungwa KABLA ya kukata (alikua anaosha mikono tu, machungwa hapana). Napitia saa nne na saa nane, namaliza kazi siku hiyohiyo.

Machungwa nayo uangalie. Nachukua haya ya kijani ya Muheza, yale ya njano yanayong'aa ya kutoka nje siyagusi maana mara nyingi yamepakwa nta na dawa ya kuzuia ukungu. Hata haya yetu namenya ile ngozi ya juu natupa, dawa za shamba zinakaa sana hapo, natumia ule weupe wa ndani na mbegu.

Kilo moja ya weupe, maji lita mbili, ndimu nne, loweka masaa mawili alafu chemsha moto mdogo kama saa zima, chuja kwa kitambaa safi bila kukamua kwa nguvu. Sufuria iwe ya stili. Zile za alumini za kuyeyushwa mtaani ndimu inazila, na nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kujua kama imekubali, poza kijiko kimoja kwenye glasi, ongeza vijiko vitatu vya spiriti ya duka la dawa, ikishikana donge ujue pektini ipo. Hilo donge unamwaga, usionje!

Nasema hivyo kwasababu kuna watu wanashauri uigandishe yote kwa spiriti au gongo upate unga. Kiwandani wanatumia kilevi kweli, ila safi na wana mitambo ya kukitoa. Spiriti ya mtaani inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha, inaua. Mimi naiacha ya maji, siku tatu kwenye friji, zaidi ya hapo friza.

Wale wa Kibosho mnaoniuliza maganda ya kahawa ya kutengeneza chai, inawezekana, Ulaya wameruhusu tangu 2022, lakini ganda ndo linalopokea dawa ya kopa mnayopulizia kuzuia chulebuni (ule ugonjwa wa buni). Kama shamba limepigwa dawa acha, na kama mashine inayarundika chini mpaka yanatoa moshi, hayo ni mbolea. Ya chai yanaanikwa siku hiyohiyo juu ya kichanja, tabaka jembamba, unageuza.

Na ukitaka kuuza jemu pita SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakuelekeze, chakula kipo chini ya TBS (shirika la viwango) tangu 2019, uwaambie wazi kwamba unatumia maganda.

Kijana wangu sasahivi ameshtuka, anadai mia tano kwa ndoo. Namlipa. Ila ndoo ikija bila mfuniko namwaga mbele yake, na mia tano hapati.