Uanzie wapi na pikipiki mpya ya Honda XL, Mtwara

Kaka, kwa mtu aliyenunua XL juzi na hajawahi kutoka nje ya lami, ufukwe wa Msimbati usiende kwanza, hata kama kila mtu anakutajia. Mchanga ule ni mzuri kwa macho tu. Ukikata mafuta ghafla tairi la mbele linazama, usukani unajikunja, umelala.

Anzia njia za mashamba ya mikorosho, upande wa Mikindani. Udongo umeshindiliwa na baiskeli na bodaboda, kivuli kipo, na ukianguka unaangukia majani makavu (mimi nimeshayalalia mara mbili). Mwombe mwenye shamba kwanza. Kuanzia Oktoba hadi Desemba usikatize chini ya miti, maana korosho zinaokotwa chini. Ukizikanyaga utakimbizwa, tena kwa haki. Ukiendesha, simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, gia ya pili, macho mbali na siyo kwenye tairi.

Ukishazoea ndiyo uende Msimbati, maji yakiwa yamekupwa. Shusha upepo wa tairi hadi kama psi 18, beba pampu ya kujazia tena ukirudi. Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo uliza utaratibu getini. Na ukirudi, osha chumvi siku hiyohiyo.