Modeli yangu ilipiga faida ya kutisha, mpaka nilipoitazama mechi ya kwanza ya msimu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa miezi kadhaa, umepakua matokeo ya misimu mitatu ya ligi moja ya soka, umeunda modeli (programu ya kubashiri mechi) inayopatia matokeo kwa asilimia 54, na sasa unauliza uanze kubeti kwa hela halisi au uongeze data kwanza. Waliotangulia kukujibu, nusu wamekupongeza na nusu wamekuhubiria. Mimi nitakusimulia yaliyonikuta, maana njia hiyo nimeipita kwa miguu.

Tuanze na hiyo 54. Chukua faili lako, weka modeli kando, halafu kwa kila mechi chagua tu timu yenye odi ndogo (odi ni namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukipatia). Utajikuta unapatia zaidi kidogo ya nusu bila kuandika mstari hata mmoja wa programu. Zaidi ya hapo, kupatia mara nyingi na kupata faida ni vitu viwili tofauti. Ukipatia mechi 7 kati ya 10 kwa odi ya 1.30, umeweka 10 umerudishiwa 9.1. Mwenzako akipatia 3 tu kati ya 10 kwa odi ya 4.00, ana 12 mkononi. Kwa hiyo usiulize modeli inapatia mara ngapi. Uliza inaijua bei kuliko anayeiuza?

Bei yenyewe, yaani odi, inasomwa hivi. Tuseme nyumbani wamepewa 2.10, sare 3.30, ugenini 3.60. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata asilimia 47.6, 30.3 na 27.8. Jumla ni 105.7, na hiyo 5.7 iliyozidi mia ndiyo ujira wa kampuni ya kubeti. Ukiiondoa kwa kugawanya kila namba kwa 1.057, zinabaki karibu 45, 29 na 26. (Kuiondoa sawasawa namna hii si sahihi kabisa, kwa sababu mara nyingi timu dhaifu hubebeshwa sehemu kubwa zaidi ya ujira huo. Kwa kuanzia inatosha.) Hizo 45, 29 na 26 ndizo maoni ya soko, na ndizo mpinzani wako. Zile timu mbili uwanjani hazina habari na wewe.

Modeli yangu ya kwanza ilikuwa Poisson, kama ya watu wengi, yaani hesabu ya uwezekano wa matukio machache yanayotokea bila mpangilio. Hesabu yenyewe ni ya Mfaransa Siméon Denis Poisson, 1837, na mwaka 1898 mtakwimu Bortkiewicz aliitumia kwenye takwimu za askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Mimi huwa naona magoli na mateke ya farasi ni ndugu: ni machache, na yanakuja yanapotaka yenyewe. Mtakwimu Maher aliiweka kwenye soka vizuri mwaka 1982: kila timu ina nguvu ya kushambulia na udhaifu wa kuzuia, unaongeza faida ya kucheza nyumbani, unapata magoli yanayotarajiwa kwa kila upande.

Tuseme kwa ile mechi yetu modeli inasema nyumbani 1.6 na ugenini 1.1. Uwezekano wa 0-0 unatoka asilimia 6.7, wa 1-1 asilimia 11.8, na ukijumlisha matokeo yote unapata nyumbani 49, sare 25, ugenini 26. Odi ya haki kwa nyumbani ingekuwa 2.04, na kampuni inakupa 2.10. Kwa kila mia unayoweka, modeli inakuahidi faida ya karibu 3. Hapa ndipo kijana anaposimama kwenye kiti na kutaka kuacha kazi.

Sasa linganisha taratibu: 49, 25 na 26 dhidi ya 45, 29 na 26 za soko. Ugenini mmekubaliana. Tofauti yote iko kwenye sare! Na Poisson ya kawaida, ambayo huchukulia kwamba magoli ya timu moja hayana uhusiano na ya nyingine, ina tabia inayojulikana ya kuzipunja sare, hasa 0-0 na 1-1. Watakwimu Dixon na Coles walilirekebisha hilo mwaka 1997: matokeo ya magoli machache yanasahihishwa, na mechi za zamani zinapungukiwa uzito kadiri siku zinavyokwenda. Maana yake ile "faida" ya nyumbani huenda ni pointi ambazo modeli imezipora kwenye sare ikawapa wenyeji. Mimi nilibeti makosa ya aina hiyo msimu mzima nikidhani nimegundua siri.

Lakini hilo si kosa kubwa nililofanya. Kubwa ni hili.

Baada ya Poisson niliingia kwenye modeli zenye safu nyingi: wastani wa magoli ya nyumbani, wastani wa kufungwa ugenini, mashuti, siku za mapumziko, kila nilichokipata. Nikaifundisha kwa misimu ya nyuma, nikaijaribu kwa msimu ambao haijauona. Matokeo yakaja na faida ya asilimia ishirini na kitu. Sikulala. Nilikaa nikipiga hesabu mtaji utakuwa umefika wapi baada ya mwaka, baada ya miwili. Wiki iliyofuata nikaanza kuweka hela halisi, na wiki sita baadaye zaidi ya theluthi ya mtaji ilikuwa imekwenda. Nikajiambia ni bahati mbaya, nikaongeza dau. Usiniulize iliishaje.

Usiku mmoja, kwa hasira tu, nikafungua faili na kuanza kulisoma mstari kwa mstari kwa macho, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Mstari wa juu kabisa: raundi ya kwanza ya msimu, timu iliyotoka kupanda daraja, inacheza nyumbani. Kwenye safu ya wastani wa magoli ya nyumbani pameandikwa 1.37.

Wameyafunga lini? Hawajacheza hata dakika moja kwenye ligi hiyo. Nikachukua kikokotoo: magoli 26 kugawanya kwa mechi 19 ni 1.37. Mechi 19 za nyumbani ndio msimu mzima kwa ligi ya timu 20. Programu yangu ilikuwa inapiga wastani wa msimu wote, halafu inaubandika kwenye kila mechi ya msimu huo, pamoja na ile mechi yenyewe inayotakiwa kutabiriwa. Modeli haikuwa inabashiri. Ilikuwa inachungulia majibu. Kwenye majaribio ina mtihani na majibu yake, kwenye maisha ina mtihani peke yake. Nilirekebisha ili kila mechi ione tu yaliyotokea kabla ya tarehe yake. Ile faida ya ishirini na kitu ikageuka hasara ndogo, karibu sawasawa na ujira wa kampuni. Kwa lugha nyingine, modeli yangu ilikuwa na akili sawa na kurusha sarafu.

Kuna uvujaji mwingine wa aina hiyo ambao haupigi kelele. Mafaili ya bure, kama ya football-data.co.uk, yana safu ya odi ya juu kabisa kati ya kampuni nyingi. Ukijaribia modeli kwa safu hiyo unajilipa bei ambayo huenda ilikaa dakika tano kwenye kampuni ambayo wewe huna hata akaunti. Pia kuna odi za kufunga, zile za mwisho kabla mpira haujaanza: ukizitumia kwenye majaribio wakati wewe unabeti asubuhi, unacheza mchezo mwingine. Na majina ya timu, jamani. Faili moja linaandika Man United, jingine Manchester Utd. Ukiyaunganisha, mechi zinadondoka kimyakimya na programu haikwambii kitu.

Kuhusu misimu yako mitatu. Ligi ya timu 20 ina mechi 380 kwa msimu, una 1,140. Zinaonekana nyingi. Lakini ukibeti mara 100 kwa odi ya 2.00, bahati pekee inaweza kukupeleka asilimia 10 juu au 10 chini bila mtu kushangaa. Kama kweli una ubora wa asilimia 3 juu ya bei ya kampuni, unahitaji dau zaidi ya 4,000 ndipo uutofautishe na bahati kwa uhakika wa maana. Kwa hiyo yule jamaa anayekuonyesha mikeka (tiketi zake za kubeti) ya mwezi uliopita, hata kama yote ni ya kweli, hajakuonyesha kitu. Na kuongeza misimu ya zamani nako si dawa moja kwa moja, kwa sababu mpira unabadilika. Msimu wa 2020/21 viwanja vilikuwa karibu vitupu, na kwenye Ligi Kuu ya Uingereza ushindi wa ugenini ukazidi wa nyumbani. Modeli iliyofundishwa kwa miaka kumi ya kelele za mashabiki ingekuwa inawapa wenyeji nguvu ambayo haipo.

Baada ya kurekebisha yote hayo niligundua kitu ambacho kwangu ndicho somo zima. Nilipanga dau zangu za zamani kwa ukubwa wa tofauti kati ya modeli na soko. Nilitegemea kwamba pale modeli ilipoona faida kubwa ndipo nilipopata zaidi. Ikawa kinyume. Pale tofauti ilipokuwa ndogo nilikuwa nakaribia kurudisha hela yangu, pale modeli ilipopiga kelele "chukua hii!" ndipo nilipoumia. Nikaanza kuzifuatilia zile mechi moja moja. Hii mshambuliaji alikuwa majeruhi. Ile kocha alipumzisha kikosi kwa sababu ya mechi ya katikati ya wiki. Nyingine timu ilishajihakikishia nafasi yake, haikuwa na cha kupigania. Soko lilijua, faili langu halikujua. Nilichokiita ubora kilikuwa ujinga wangu ukiwa umevaa suti.

Bill Benter, yule Mmarekani aliyetajirika kwa kubashiri mbio za farasi Hong Kong, alilieleza tatizo hili kwenye andiko lake la 1994. Hakuiacha modeli yake ishindane na soko. Aliichukua bei ya soko akaichanganya na makadirio yake, na hesabu yenyewe ikaamua kila upande upewe uzito gani. Nilipofanya hivyo kwa soka, soko lilichukua uzito karibu wote na modeli yangu ikabakiziwa makombo. Iliniuma, lakini tangu siku hiyo idadi ya dau zangu ilishuka sana na hasara ikasimama. Siku hizi kwenye ligi kubwa sibeti kabisa. Nimebaki na ligi ndogo ambazo naangalia mechi zenyewe, na hata huko kampuni moja ilinipunguzia kiwango cha dau mpaka ikawa mzaha, mara tu ilipoona nachukua bei ambazo baadaye zinashuka.

Ukubwa wa dau nitaupitia haraka. Watu watakutajia Kelly, kanuni ya 1956 ya kupima uweke sehemu gani ya mtaji. Kwa mfano wetu wa 49 kwa odi ya 2.10, Kelly inasema weka karibu asilimia 2.6 ya mtaji. Lakini kama ukweli ni 45 za soko, dau sahihi ni sifuri, na kila mia unayoweka inapoteza 5 na ushei. Ndiyo maana wanaoitumia kwa akili huweka robo yake au chini ya hapo. Na mkeka wa mechi sita usiuguse: ujira wa asilimia 5.7 ukirundikana juu ya mwenzake mechi baada ya mechi, mara sita, unakula karibu 28 katika kila mia kabla mpira haujaguswa.

Sasa jibu lako. Hela usiweke. Anza kuandika utabiri wako kabla ya kila mechi: tarehe na saa, uwezekano wa matokeo yote matatu, odi iliyopo wakati huo, na baadaye odi ya kufunga. Fanya hivyo msimu mzima. Usihangaike sana na faida wala hasara ya kwenye karatasi, angalia kama bei unayoichagua inashuka kabla ya mechi kuanza. Ukisema 2.10 na inafunga 1.98, tena na tena, una kitu. Ikifunga 2.20, soko linakwambia ulichokosea, na linakwambia mapema kuliko matokeo.

Ila kabla ya yote hayo, fungua faili lako sasa hivi, nenda kwenye mechi za raundi ya kwanza za kila msimu, utubandikie hapa mistari mitano pamoja na safu zako za wastani. Nataka kuona timu zilizopanda daraja umeziandikia nini.